Daftari la Diwani: Posho za Wakubwa wa Mji katika Fiqhi na katika Historia ya Chwaka

 

Ijumaa moja baada ya sala tulikuwa Chwaka, tumekaa barazani tukitazama ngalawa zinavyorudi na maji. Mzee mmoja akatusogelea na suala ambalo, kwa maneno yake, lilikuwa limemnyima usingizi. Katika mkutano wa shehia moja ya upande ule, ambayo hatutaitaja, kijana alisimama mbele ya watu akamuuliza diwani wake: kwa mwezi unalipwa kiasi gani? Posho ya kikao kimoja ni ngapi? Na zile wiki ulizokuwa safarini, ulilipwa au hukulipwa? Mkutano ukachafuka. Kuna waliosema kijana hana adabu, na mmoja wao, mtu wa chuoni, akasoma aya ya Suratul Hujurat inayokataza kupelelezana, akasema kuwa aliyoyafanya kijana ni tajassus na ni haramu. Kijana akakaa kitako, na diwani hakujibu kitu. Mzee akatuambia: "Masheikh, mimi sikusoma sana, lakini mbona samaki wetu hunadiwa hadharani kila mtu akasikia bei? Hii fedha ya mji ina siri gani?"

Tulimuahidi kuwa tutalifanyia uchunguzi. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunaanza na jina lenyewe.

Neno "diwani" tunalolitumia kwa mjumbe wa baraza la wilaya au la mji limetujia kutoka Kiarabu, na Waarabu nao wamelipata kwa Wafursi. Imam al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058) amelieleza katika kitabu chake cha hukumu za utawala, na miongoni mwa aliyoyataja ni kisa cha mfalme wa Kifursi aliyewakuta makarani wake wakihesabu peke yao kwa sauti, akawaona kama wenda wazimu, na neno likatokana na hapo. Kisa kina uchekeshaji wake, na wanaofanya kazi ya hesabu huenda wasikikatae. La muhimu ni kuwa diwani katika Uislamu hakuwa mtu. Diwani lilikuwa ni daftari, tena daftari la malipo: nani analipwa na fedha ya umma, kiasi gani, na kwa sababu gani.

Aliyelianzisha ni Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), mwaka 20 Hijria kwa kauli iliyo mashuhuri, ingawa wako waliosema mwaka 15. Wapokezi wa historia wameeleza kuwa Abu Hurayra (R.A.) alirudi kutoka Bahrain na mali nyingi. Umar akamuuliza amekuja na kiasi gani, akasema dirhamu laki tano. Umar hakuamini, akamuuliza kama anajua analolisema, na kwa riwaya nyengine akamwambia aende kwanza akalale. Ilipothibiti kuwa ni kweli, Umar alipanda juu ya mimbari, akawakhabarisha watu kuwa imekuja mali nyingi, na akawataka shauri: tuwapimieni kwa kipimo au tuwahesabieni? Hapo ndipo mtu mmoja alipomueleza kuwa amewaona wasiokuwa Waarabu wakiandika madaftari. Kwa hivyo daftari halikuanzia chumbani. Lilizaliwa msikitini, na watu wote wakijua kilichoingia.

Na kwa kuwa lilikuwa wazi, watu waliliuliza. Imepokewa na Bukhari kuwa Umar aliwapangia Muhajirina wa mwanzo elfu nne nne, na mwanawe Abdullah akampangia elfu tatu na mia tano. Akaulizwa: huyu naye ni katika Muhajirina, mbona umempunguzia? Akajibu kuwa Abdullah alihamishwa na wazee wake, hakuwa sawa na aliyehama kwa nafsi yake. Tazama, msomaji, mambo mawili hapa. Kiwango cha mtoto wa Khalifa kilikuwa kikijulikana hata watu wakaweza kuuliza, na aliyeulizwa alitoa sababu wala hakumtuhumu muulizaji kwa utovu wa adabu. Wengi wetu tumezoea kutaja kisa cha Umar na nguo mbili, alipohojiwa juu ya mimbari kuhusu urefu wa kanzu yake. Sisi hicho tunakiacha kando kwa kuwa isnadi yake si ya kutegemewa. Hiki cha Bukhari kinatosha.

Kabla ya hapo Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimtuma mtu wa kabila la Azd, anayejulikana kwa jina la Ibnul Lutbiyya, kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi alifanyiwa hesabu. Akagawa alichokuja nacho mafungu mawili: hili lenu, na hili mimi nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama zawadi hiyo ingemfikia lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, kisha akasimama akawakhutubia watu juu ya jambo hilo hilo. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim, na Bukhari ameiweka pia chini ya mlango wa Imamu kuwafanyia hesabu watendaji wake. Hesabu ilifanywa, na onyo lilitolewa mbele ya watu wote.

Isije ikadhaniwa kuwa dini inawataka viongozi wafanye kazi bure. Kinyume chake ndicho sahihi. Abubakar (R.A.) alikuwa mfanyabiashara, na alipopewa Ukhalifa alieleza, kama alivyopokea Bibi Aisha (R.A.), kuwa watu wake wanajua kuwa chumo lake lilikuwa likiwatosha ahli zake, na kwa kuwa sasa ameshughulishwa na mambo ya Waislamu, basi ahli zake watakula katika mali hii. Umar naye enzi za Mtume (S.A.W.) alitaka kukataa alichopewa, akaambiwa akipokee madhali kimemjia bila ya kukitamani wala kukiomba. Na katika Sunan Abi Daud imepokewa kutoka kwa al-Mustawrid bin Shaddad kuwa anayefanya kazi ya umma asiyekuwa na mke na aoe, asiye na mtumishi na apate mtumishi, asiye na nyumba na apate nyumba, na anayechukua zaidi ya hayo ni mwenye khiyana. Mafaqihi wamejenga juu ya riwaya kama hizi tafauti baina ya riziki na ujira: riziki ni ya kumtosheleza mtu ili asishughulike na jengine, na ujira ni badali ya kazi maalumu iliyohesabika. Tafauti hii tutaihitaji mbele.

Sasa turudi Chwaka. Mji huu uko pwani ya mashariki ya Unguja, kiasi cha kilomita 32 kutoka Mji Mkongwe, na ni katika miji ya Wahadimu ambayo utaratibu wake wa zamani umeandikwa vizuri kuliko mingi. Afisa mmoja wa utawala wa Kiingereza, R. H. W. Pakenham, aliandika kijitabu kizima juu ya umiliki wa ardhi Chwaka, kikapigwa chapa na Serikali mwaka 1947, na John Middleton akafuatia mwaka 1961 na kitabu cha milki za ardhi kwa Zanzibar nzima. Katika maandishi hayo msomaji atakutana na Watu Wanne, yaani wazee wanne waliousimamia mji. Wao ndio waliokuwa wakitazama nani alime wapi na nani ajenge wapi, na mgeni aliyetaka ardhi ya mji alikuwa hana budi kupitia kwao na kutoa ada. Hawakuwa na mshahara. Walikuwa wakulima na wavuvi kama wenzao.

Hatusemi kuwa Watu Wanne walikuwa malaika. Ada ni kitu kinachoweza kuzidishwa, na mwenye jamaa wengi hupendelea jamaa zake. Lakini alichokula mmoja wao kilikuwa hakifichiki, kwa sababu aliyekitoa, aliyekipokea na waliokinyimwa walikuwa wakisali katika msikiti mmoja. Desturi za pwani ya Mrima zilikuwa namna hiyo hiyo. Huko wakubwa wa miji ya Bagamoyo, Saadani na Pangani waliitwa majumbe na madiwani, na kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichotolewa mwaka 1903, kimeeleza ada zao kwa urefu. Kwa hivyo hapa pwani neno lilihama kutoka kwa daftari likaenda kwa mtu, na daftari lenyewe likapotea njiani.

Juu ya Watu Wanne ilikuwepo dola. Njiani kutoka mjini kwenda Chwaka utapita Dunga, ilipokuwa kasri ya Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad al-Alawi, aliyefariki mwaka 1865. Mwinyi Mkuu alikuwa akikusanya kodi ya kichwa kwa Wahadimu, sehemu yake ikenda kwa Sultani na sehemu ikabaki kwake. Mwanawe Ahmad alipofariki mwaka 1873 cheo hicho kilikoma. Waingereza walipoushika utawala baada ya 1890 walimtumia Sheha, chini ya Mudiri na Mkuu wa Wilaya, na Sheha akawa na chake kidogo kutoka Serikalini. Kwa macho ya haraka haya ni maendeleo: mtu analipwa kwa kiwango kinachojulikana, haishi kwa ada. Tatizo ni kuwa kiwango kilikuwa kikijulikana ofisini mjini, sio Chwaka. Sheha akawa na watu wawili wa kumhoji, Mudiri na Mola wake, na watu wa mji wakatoka katika hesabu. Na Chwaka hiyo hiyo ikawa ni mahali pa mapumziko pa wakubwa kutoka mjini, wakija kupunga upepo wa bahari katika nyumba zao za ufukweni. Wavuvi walikuwa wakiiona likizo ya wenye vyeo kwa macho yao, ila hapana aliyewaambia inalipwa na nani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo ya vijiji yaliingia katika mikono ya matawi ya Chama cha Afro-Shirazi, na kipindi hicho hatutakirefusha hapa. Mabaraza yenye madiwani wa kuchaguliwa yalirudi kwa sheria za mwaka 1995, moja ya Baraza la Manispaa na moja ya mabaraza ya wilaya na miji, na zote mbili zikaja kuondoshwa na Sheria ya Serikali za Mitaa Nam. 7 ya 2014. Chwaka ikawa chini ya Wilaya ya Kati. Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikapata sheria yake, Nam. 11 ya 2003. Vyombo vipo, basi. Lakini ripoti ya mkaguzi huenda juu, kwa Rais na kwa Baraza la Wawakilishi, na mtu wa Chwaka anayetaka kujua posho ya diwani wake itambidi aijue kwa bahati.

Ndugu zetu wa Tanzania Bara wametupa mfano mzuri wa jinsi anayelipa anavyokuwa ndiye anayetiiwa. Kwa miaka mingi posho za madiwani zilitoka katika mapato ya halmashauri zenyewe, na mkono uliotia saini ulikuwa wa mkurugenzi, ambaye ndiye diwani anayetakiwa kumsimamia. Penye mapato haba diwani alibaki akimsubiri mkurugenzi kwa posho ya miezi iliyopita, na jioni yake akae kikaoni amhoji. Bajeti ya mwaka 2021/22 ikabadilisha: Serikali Kuu ikachukua kulipa posho hizo kwa halmashauri 168, na 16 zenye uwezo zikaachiwa zilipe wenyewe. Diwani ameokolewa kwa mkurugenzi. Kama ameletwa karibu zaidi na waliomchagua, hilo ni suala jengine. Wakenya walikwenda njia nyengine. Katiba yao ya 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, na mabaraza ya kaunti yalipoanza mwaka 2013 wajumbe wake waliikataa mishahara waliyopangiwa, wakagoma. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zikatoa hesabu za safari zao, nyengine za ng'ambo, magazeti yakaziandika, na wananchi wakazijadili wakiwa na tarakimu mkononi. Yalikuwa matusi mengi katika mjadala ule, hatuwasifu kwa hilo. Ila tarakimu zilikuwepo.

Tunakuja kwenye sehemu ya tatu ya suala la kijana, nayo ndiyo ngumu: malipo ya siku ambazo mtu hakuwepo. Wengi hudhani hili ni jambo la kisasa lisilo na nafasi katika vitabu vyetu. Maulamaa wa Kishafi walilishughulikia kwa muda mrefu kwa sababu ya madrasa za wakfu, ambazo mwalimu alikuwa akilipwa kutokana na mapato ya wakfu. Je, akifunga darsa alipwe? Ibnus Salah, aliyefariki Damascus mwaka 643 Hijria (1245), aliulizwa hili. Akajibu kuwa mapumziko ya nusu ya Shaabani na mwezi wa Ramadhani hayamzuilii mtu haki yake, kwa kuwa ada imekwisha kujulikana, madhali aliyeweka wakfu hakushurutisha kusomesha katika siku hizo. Ama mapumziko ya kabla ya hapo, hayo yanazuia, kwani ada yake haikuthibiti. Suyuti ameinukuu fatwa hii katika al-Ashbah wan-Nadhair chini ya kaida inayosema kuwa ada ni yenye kuhukumu. Na imenukuliwa kutoka kwa Imam Nawawi na Izzuddin bin Abdissalam kauli kali zaidi: imamu wa msikiti akimuweka naibu bila ya idhini, fungu hapati yeye wala naibu wake, yeye kwa kuwa hakufanya kazi, na naibu kwa kuwa hakuteuliwa. Taqiyyuddin as-Subki hakukubaliana nao, na mjadala uliendelea.

Tuchukue mfano ambao hautamuudhi mtu. Diwani amekwenda Hijja, amekaa siku arubaini. Posho yake ya mwezi ni halali au si halali? Kwa tunavyoona, hapa ndipo tafauti ya riziki na ujira inapofanya kazi. Posho ya mwezi inafanana na riziki, kwani amepewa ili awe tayari kwa mambo ya watu. Ikiwa kanuni ya baraza au ada inayojulikana inaruhusu kutokuwepo kwa muda huo, basi ni halali yake wala asibughudhiwe. Posho ya kikao ni ujira, badali ya kuhudhuria, na asiyehudhuria hana ujira, hata kama jina lake limetiwa saini na mwenzake kwa wema. Vivyo hivyo posho ya safari: aliyepewa ya siku tano akarudi siku ya pili, zile tatu si zake. Hadithi ya Adiyy bin Amira katika Sahih Muslim inamuonya mtendaji hata kwa sindano atakayoificha, na imeita kitendo hicho ghulul.

Lakini angalia sharti aliloliweka Ibnus Salah: ada iwe imejulikana. Likizo iliyo halali ni ile ambayo watu wanaijua. Kwa hivyo kijana aliyeuliza hakumtuhumu diwani kwa wizi. Aliuliza ada ni ipi, na bila ya jawabu la suala lake hata diwani mwenyewe hawezi kuwa na uhakika kama anachokula ni chake.

Na ile aya? Tajassus iliyokatazwa ni kufukua aibu ambazo mtu amesitiriwa nazo. Nyumba ya diwani, ndoa yake, deni lake dukani na alichorithi kwa baba yake vyote ni katika sitara yake, na anayevitangaza anapata dhambi, na katika vijiji vyetu hili linatokea mno hasa ukikaribia uchaguzi. Anachopokea kwa cheo alichopewa na watu hakimo humo. Umar (R.A.) alikuwa akiandika mali za magavana wake anapowateua, akimtuma Muhammad bin Maslama kuchunguza malalamiko dhidi yao, na hatujui katika Sahaba aliyemwambia kuwa anapeleleza. Nawawi ameyataja mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa asilolipenda, la kwanza likiwa ni kulalamika kwa mwenye uwezo wa kuondosha dhulma. Hata hivyo anayeuliza ana mipaka yake pia. Kuuliza kiwango ni haki, na kusema mbele ya watu "fulani amekula" bila ya ushahidi ni dhulma, na hilo halisafishwi na nia njema.

Tulirudi Chwaka tukamsomea mzee haya, kijana naye akiwepo. Tukamshauri asisimame tena mkutanoni kwa hamaki, bali aandike barua kwa baraza: kiwango cha posho kwa mujibu wa kanuni ipi, mahudhurio ya vikao vya mwaka uliopita, na utaratibu wa diwani anapokuwa safarini. Nakala moja ampe diwani mwenyewe kabla ya kuipeleka, ili asije akaisikia kwa watu. Mzee aliisikiliza barua ikiandikwa mpaka mwisho. Kisha akataka na jina lake liandikwe chini ya la kijana, na kwa kuwa hajui kutia saini, akaomba wino wa dole gumba.